Nani Ampishe Nani

Nchi ya Vyeoni ilikaa juu ya vilima saba vilivyopangwa kwa ukubwa, kama wenyeji wake, na sheria yake kuu ilikuwa moja tu: apishaye njia ndiye mdogo. Kwa sababu hiyo milango ya huko ilijengwa mipana kupita kiasi, na hata hivyo mawaziri wawili wa daraja moja waliwahi kukutana kizingitini mwa msala wa ikulu, wakasimama hapo tangu Jumanne hadi Alhamisi wakiletewa uji.

Mbingu nayo ilijaa ukubwa. Kila mtawala alirusha angani nyumba ya chuma iitwayo Nyota, kubwa kuliko ya aliyemtangulia, nayo kwa mujibu wa sheria ilihesabiwa kuwa ni yeye mwenyewe. Na kila Nyota iliacha nyuma yake mifuniko, misumari na mitungi mitupu ambayo haikuanguka, bali iliendelea kuizunguka dunia kwa kasi ya kutoboa chuma. Mtukufu Kwezi, aliyetawala zama hizo, alisema takataka ni shauri la wafagiaji.

Mfagiaji, kama ni hivyo, alikuwa Mkejina, mwanamke asiye na cheo chochote, aliyerusha setilaiti kumi na mbili ndogo, kila moja sawa na mkate wa boflo, zikae huko juu zikitazama kila kipande kinapita wapi na kinaelekea wapi. Ikulu ilizicheka. Mkejina hakucheka, maana ndani ya Nyota ya Mtukufu aliishi kaka yake wa pekee, Faki, akifuta vioo ili Nyota ing'are, naye hakuwa na ndugu mwingine duniani wala mbinguni.

Siku setilaiti zilipoonyesha mfuniko unakuja moja kwa moja, alikwenda ikulu mbio.

"Nyota yangu iupishe mfuniko?" Kwezi aliuliza.

"Ni wa Nyota ya marehemu baba yako, Mtukufu."

Kwezi aliinuka kitini. Mtoto hana budi kumpisha baba. Faki akaamriwa kuisogeza Nyota, na tangu hapo, kila setilaiti zilipoleta habari, Mtukufu alisimama kupisha msumari wa babu au mtungi wa babu wa babu, na wananchi, ambao hawakuwahi kumwona akisimama kumpisha mtu, wakaanza kuja na watoto wao kutazama.

Kisha ikaja sahani ya dhahabu. Ilikuwa na sura ya Kwezi mwenyewe. Ilibandikwa kwenye Nyota siku ya kutawazwa kwake, akaamuru ing'olewe itupwe kwa kuwa pua ilitoka kubwa.

"Cheo chake?"

"Sawa na chako, Mtukufu," walijibu waandishi wa sheria, wakiinama zaidi ya kawaida.

"Basi hapana wa kupisha."

"Kaka yangu yumo mle ndani!" Mkejina alisema. "Zimebaki dakika kumi. Nakuomba, Mtukufu."

Kwezi alimwonea huruma, kwa kweli alimwonea; lakini aliutazama umati uliojaa hadi uani, akabaki kitini. Dakika zikaisha. Mkejina alijifunika uso kwa kanga. Ndipo redio ikakoroma.

"Mkejina, usilie. Nimeshasogea tangu alfajiri. Setilaiti zako ziliniambia."

"Nani kakuruhusu kupisha?" Kwezi alifoka.

"Nilitazama picha, Mtukufu, nikaona ni wewe unakuja, pua mbele," Faki alijibu kwa heshima zote. "Mimi nani nisikupishe?"

Hakuna aliyethubutu kucheka kwa sauti. Waandishi wa sheria walifungua kitabu, wakasoma, wakakifunga: Nyota ya Mtukufu imepisha, na apishaye ndiye mdogo. Kwa hiyo hadi leo Vyeoni wanangoja amri za sahani, ambayo haijaamuru kitu, na wapo wanaosema nchi haijapata kutawaliwa vizuri namna hii. Ikipita juu asubuhi, watu wote husimama. Kwezi naye husimama, amejisogeza pembeni mwa njia, na Mkejina hakosi kumpelekea habari dakika tano kabla, asije akachelewa.