Nani Anatia Magadi?

Niseme wazi tangu mwanzo: mimi si mtu wa kusahau. Maisha yangu yote nimekuwa fundi mizani. Wenye maduka walikuwa wakiniletea mizani zilizoanza kudanganya, nazirekebisha, na hakuna aliyerudi kulalamika isipokuwa wale waliotaka ziendelee kudanganya. Kazi hiyo inakuzoesha kuwa na uhakika. Ndiyo maana yaliyonipata yalininyima raha kabisa.

Nilipostaafu nilihamia kwa mwanangu, na tangi langu la kioo likahama nami. Mkwe wangu aliondoa kabati la vyombo sebuleni ili tangi lipate nafasi, wala hakununa. Wageni wakiingia hudhani nafuga samaki. Samaki wawili wamo, sikatai, lakini hao ni wapangaji tu. Wenye nyumba ni matumbawe. Yapo ya kijani yanayopungapunga kama nywele, yapo ya kahawia yaliyojikunja, na lipo moja la zambarau lenye matawi, hilo ndilo roho yangu. Nililichukua kwa muuza samaki wa mapambo likiwa kipande kama ncha ya kidole, nikalibandika kwenye jiwe kwa gundi. Sasa linajaza viganja viwili.

Watu hudhani tumbawe ni jiwe au ua. Ni mnyama, tena wa kudeka. Hujijengea mifupa kwa vitu anavyonyonya kwenye maji, kwa hiyo anavyovimaliza lazima umrudishie. Mimi kila asubuhi natia maji ya magadi, bomba moja dogo la sindano, polepole, mbele ya pampu ili yasambae. Magadi yakipungua, tumbawe linadumaa. Yakizidi, linaungua kwenye ncha, nyama inabanduka na unabaki mfupa mweupe. Kujua kiasi kilichomo, unachota maji kwenye kichupa na kudondosha dawa tone kwa tone mpaka rangi ya buluu igeuke manjano. Ukitumia matone mengi, ujue magadi ni mengi. Kwangu hiyo ni mizani kama mizani nyingine.

Basi siku moja nikadondosha, nikadondosha, buluu ikabaki buluu. Nikasema dawa imeharibika. Nikanunua nyingine, nayo ikasema yaleyale. Unga mweupe ukaanza kuganda kwenye pampu, na ncha za lile la zambarau zikapauka. Nikapunguza magadi, hali haikubadilika. Nikapunguza tena, na weupe ukazidi kushuka kwenye matawi.

Hapo mawazo mabaya yakaniingia. Kama natia kidogo na bado yanazidi, basi huenda natia, nasahau kwamba nimetia, nakuja kutia tena. Nikawakumbuka wazee niliowafahamu na jinsi walivyoanza: leo ufunguo hauonekani, kesho jiko limeachwa linawaka, halafu siku moja wanawauliza watoto wao, nyinyi ni akina nani? Nilishinda nikijikagua. Nilijiuliza jana nilikula nini, nikajijibu. Nikajiuliza juzi, nikakwama, jasho likanitoka. Sikumwambia mtu. Nani anayetangaza kwamba kichwa chake kinavuja?

Nikampigia simu muuza samaki. "Njoo Jumamosi uyachukue matumbawe," nikamwambia. "Yote, na tangi lake."

"Mzee, kulikoni? Hata la zambarau?"

"Hilo ndilo la kwanza. Lichukue kabla sijaliua."

Akakubali. Niliweka simu chini nikalia, wala sioni haya kusema.

Lakini fundi ni fundi. Siwezi kuihukumu mizani kabla sijaipima, sembuse kichwa changu mwenyewe. Chini ya kitanda nilikuwa na mizani yangu ya sahani mbili, niliyokataa kumpa mtu nilipofunga karakana. Ijumaa asubuhi sikutia magadi kabisa. Nilichukua chupa ya magadi nikaiweka kwenye sahani moja, nikapanga mawe ya mizani kwenye ile nyingine mpaka mshale ukasimama katikati. Kisha nikairudisha chupa kwenye kabati la chini ya tangi, mawe nikayaacha vilevile, nikafunga chumba changu na kwenda kwa kinyozi.

Nilishinda huko. Aliponimaliza kichwa nikamwambia anipunguze ndevu, aliponimaliza ndevu nikabaki kubishana na wateja wake kuhusu mpira, na mpira wenyewe siufuatilii. Jioni nilirudi nyumbani, nikaitoa chupa kabatini, nikaiweka kwenye sahani yake. Ikapanda juu.

Chupa ilikuwa imepungua, na mimi sikuwepo. Nilikaa kitandani nikacheka peke yangu mpaka mbavu zikauma. Kumbe kichwa changu ni kizima! Furaha ile ilidumu mpaka nilipoitwa mezani. Nilipowaona mwanangu na mkewe wamekaa kwa utulivu, kana kwamba hakuna aliyekaribia kuniua kwa hofu, hasira zikanipanda.

"Nani anatia magadi kwenye tangi langu?"

Mkwe wangu aliacha kijiko. Yeye ni mwalimu wa watoto wadogo, na uso wake haujui kuficha kitu. "Ni mimi, baba. Nikirudi kutoka shule natia kidogo, nikihofia umesahau. Kipimo chako kilekile."

Mwanangu akamgeukia. "Wewe? Mbona mimi natia kila nikitoka kazini?"

"Na wewe unatia?"

"Sasa ningejuaje kama na wewe unatia? Uliponinong'oneza habari za baba jikoni, hukutaka tena tuzizungumzie!"

Kwa hiyo watu wazima watatu tulikuwa tunalilisha tumbawe moja, kila mtu kwa kuvizia. Siku nyingine ningeangua kicheko.

"Mlishindwa kuniuliza?" nikafoka. "Nimekaa humu nikidhani nimeanza kuchanganyikiwa. Kesho mtu anakuja kuyachukua yote! Nani aliwaambia mimi nasahau?"

Mwanangu akaangalia sahani yake. Mkewe akainuka, akavuta kiti, akaketi karibu yangu.

"Baba, kuna siku ulikuwa umekaa mbele ya tangi, nikakuletea chai."

"Chai unaniletea kila siku."

"Siku hiyo ulikuwa unalitazama la zambarau. Ukaniambia, 'Zuri sana hili. Nani ametuletea?'"

"Nilikuwa nakutania."

"Na mimi nilidhani hivyo, nikacheka. Ukaniuliza tena. Ukataka nikupe namba yake ya simu umshukuru."

Niliitafuta siku hiyo kichwani. Nilipata chai nyingi, nikampata yeye na trei yake, nikalipata tumbawe lenyewe, tangu lilipokuwa kipande na gundi iliyoning'ang'ania vidoleni. Swali hilo sikulipata popote. Mizani yangu haikukosea: magadi sikuzidisha mimi. Na mkwe wangu hajawahi kunidanganya. Niliogopa kuliko nilivyoogopa siku zote zile, maana sasa kichwa chenyewe nilikuwa nimeshakipima.

Nikaondoka mezani nikaenda kusimama mbele ya tangi. Mkwe wangu akanifuata. Ncha za tumbawe zilikuwa nyeupe, lakini chini ya weupe ile rangi ilikuwa bado hai.

"Lisitiwe chochote mpaka magadi yashuke," nikamwambia. "Tukipima yakiwa sawa, utatia wewe. Wewe tu. Mumeo asiguse hilo bomba."

"Sawa, baba. Na muuza samaki?"

"Nitampigia asije. Ila na mimi nina sharti. Siku nikikuuliza tena, usiende kunong'ona na mumeo jikoni. Niambie mimi."

"Nitakuambia."

"Hata nikiuliza mara mbili?"

"Hata ukiuliza kutwa."

Nikalitazama lile tumbawe. Jibu nilikuwa nalo, lakini nilitaka kujua litakavyosikika siku nitakapokuwa sinalo.

"Zuri sana hili," nikasema. "Nani ametuletea?"

Hakucheka, wala hakulia. Alisogea akanishika mkono.

"Ni lako, baba. Umelilea mwenyewe."