Vijiti vya Mwaka wa Kwanza

Madame Emérance alikuwa mwalimu hodari, na kwa kuwa alijijua hivyo, ilikuwa kazi kumwambia amekosea. Kwa miaka kumi na miwili alifundisha mwaka wa kwanza katika shule moja pembeni mwa Bunia, na hakuna mtoto aliyetoka mikononi mwake bila kujua kuhesabu. Mwaka huu alikuwepo mmoja. Clarisse, miaka sita, binti wa wafugaji waliokimbilia mjini wakati wa vita, alikuwa kimya kama duka lililofungwa Jumapili.

Vijiti vya kuhesabia vya mwaka jana mlinzi alikuwa amevipikia chai wakati wa likizo. Basi madame alitumia alichokuwa nacho, yaani watoto wenyewe. Aliwasimamisha mbele na kusema, "Hesabu wenzako." Wengine walipaza sauti mpaka bati likaitikia. Clarisse aliwatazama wenzake mmoja mmoja, akanyamaza. Madame akamchorea ng'ombe ubaoni, akidhani mtoto wa wafugaji atachangamka. Clarisse akainamisha kichwa kabisa.

Jumatano mama yake, Dorothée, alipokuja kumchukua, madame alimwambia, "Mama Clarisse, lundi mutoto atarudia maternelle. Kuhesabu inamushinda."

"Sawa, madame," mama alijibu. Clarisse alisikia yote, kwamba Jumatatu atarudishwa chekechea, na machozi yakamtoka bila sauti. Madame aliumia, lakini hakubadili neno.

Ijumaa darasa lilikwenda kuokota vijiti vipya kwenye mikalitusi nyuma ya shule. Mkurugenzi wa shule alikuwa ameonya wasivuke barabara. Risasi hazikusikika tangu Pasaka, ila nani alijua waliolala ng'ambo ni akina nani? Watoto arobaini na mmoja walitoka wameshikana mikono. Waliporudi, madame aliwahesabu mlangoni akiwagusa vichwa. Arobaini na mmoja. Akashusha pumzi, akafunga mlango.

Clarisse hakukaa.

"Bienvenu haiko, madame."

"Nimehesabu. Wote muko."

"Bienvenu haiko. Na huyu haiko wa huku." Alinyoosha kidole kwenye benchi ya mwisho. Kweli, hapo alibanana mdogo wa mwanafunzi aitwaye Noëlla, mtoto wa maternelle aliyemfuata dada yake njiani na kujiingiza darasani.

Madame alifungua mlango. Akamwita mwalimu jirani, Gérard, amwangalizie darasa, akatoka mbio bila viatu. Alimkuta Bienvenu ng'ambo ya barabara, peke yake, kwapani ameshika vijiti vilivyonyooka vizuri, akitafuta vingine. Alikuwa amejiandaa kumgombeza, akajikuta amemkumbatia.

Wengine walipotoka kucheza, alimwita Clarisse mezani.

"Ulijua namna gani?"

"Niliwaangalia tu." Clarisse alimshangaa kidogo. "Kwetu hatuhesabu ngombe. Watoto pia hatuhesabu. Mwenye iko na jina, unamuangalia, unajua kama iko ao haiko. Papa anasema ukihesabu, moja itapotea."

Madame alitazama benchi ya Bienvenu. Alikuwa amehesabu, na mmoja alikuwa amepotea. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Akasukuma lundo la vijiti mbele ya mtoto.

"Na hizi?"

Clarisse akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu shule ifunguliwe. "Hizi haziko na majina."

Akaanza. Moja, mbili, tatu, kumi, ishirini, akivipanga kwa mafungu ya kumi bila kuambiwa. Alipita hamsini, akapita sitini, na vijiti vilipoisha mezani akageuka kutafuta vile vya Bienvenu.

Jumatatu Clarisse alikuwa kwenye benchi yake. Madame Emérance aliacha daftari la majina limefungwa, akasimama mlangoni na kuwatazama watoto usoni, mmoja baada ya mwingine. Alichelewa sana kuanza somo, na hakuhesabu hata mmoja.