Magazini ya Kwenye Droo

Kiguu hakuwa mtu wa kutulia. Kazini walimpachika jina hilo kwa sababu kwenye lindo la ghala alizunguka uzio mpaka viatu vikaomba poo. Lakini asubuhi hiyo, nje ya karakana ya silaha ya kampuni, hakuwa akizunguka kwa mazoea. Bastola aliyokabidhiwa, kuukuu, iliyokwisha kupita mikononi mwa walinzi kadhaa, ilikuwa imegoma tena kwenye uwanja wa shabaha. Na ndiyo hiyo hiyo aliyokuwa nayo kaka yake siku majambazi walipoingia ghalani.

Siku hiyo kaka mtu alivuta mgongo wa bastola, ile sehemu ya juu inayorudi nyuma, akabonyeza triga, kimya. Mwenzake akapigwa nondo, akapoteza jicho. Kaka alisema risasi haikupanda kwenye mtutu. Fundi akaijaribu bastola, ikafyatua bila shida, na meneja akakata maneno kwamba silaha ni nzima, mtu ndiye mbovu. Kaka akafukuzwa. Mtaani wakamwita Ganzi, eti alikufa ganzi kwa woga, na wenye midomo yao wakalisema jina hilo hata mbele ya wanawe. Tangu hapo akanywea, akawa mtu wa kukaa ndani na redio yake.

Utaratibu wa karakana ulikuwa mmoja. Mlinzi anaacha magazini, kile kikasha cha risasi kinachoingia kwenye mpini, dirishani kwa karani, kisha anampelekea fundi bastola tupu. Usalama kwanza, ndivyo walivyosema. Wiki iliyopita fundi aliisafisha, akaipaka mafuta, akaijaribu, ikala risasi zote kama mgonjwa aliyepona. Iliporudi uwanjani, ikagoma. Fundi akamwambia Kiguu kosa ni kiganja chake, anaishika kilegevu. Kiganja chenyewe kilikuwa kimebeba ndoo za maji tangu utotoni, lakini alimeza hasira yake.

Sasa aliambiwa asubiri kwenye benchi. Akakaa. Akainuka. Akaenda hadi getini, akarudi, akasoma tangazo la kukataza sigara ambalo alikwisha kulisoma. Bastola ikitangazwa nzima leo, kaka yake atabaki Ganzi mpaka kaburini. Mwisho uvumilivu ukamshinda, akachungulia mlangoni.

Fundi alikuwa akifungua droo. Akatoa magazini inayong'aa, akaisukuma kwenye mpini.

"Fundi, hiyo ya nani?"

"Yangu, ya kujaribia. Hii haijawahi kuniangusha."

"Na baada ya mkasa wa kaka yangu uliijaribu kwa ipi?"

Fundi aliichomoa ile magazini, akaitazama. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu na magazini moja nzuri, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuomba ile ya mlinzi.

Kiguu alikwenda kwa karani mbio. Magazini aliyorudi nayo ilikuwa imegongwa namba ile ile ya bastola, na kila mlinzi alikabidhiwa vyote viwili pamoja, kaka yake akiwemo. Fundi aliibonyeza kwa kidole gumba, uso ukambadilika. Springi ilikuwa imechoka, na mdomo mmoja wa juu, unaoshikilia risasi, ulikuwa umepinda. Wakaijaribu mbele ya sanduku la mchanga. Risasi iliinamisha kichwa, ikakwama, mgongo ukabaki nusu wazi. Wakarudia, ikawa vile vile. Wakaweka ile ya droo, ikafyatua.

Fundi akaketi kwenye benchi. "Nimemponza kaka yako, dada," alisema. Akaahidi kwenda kwa meneja yeye mwenyewe, na Kiguu akasimama pale pale mpaka alipomwona akipanda ngazi za ofisini.

Kutoka hapo hakungoja usafiri. Alimkuta kaka yake anahangaika na kitufe cha redio, akamweleza yote kwa pumzi moja, magazini, droo, mdomo uliopinda. Alitegemea ataruka, au atamtukania fundi ukoo mzima. Kaka alizima redio. Akakitazama kidole chake cha shahada kwa muda.

"Kwa hiyo nilibonyeza."

"Ulibonyeza, kaka."

"Nilikuwa nimeshaanza kuwaamini, mdogo wangu. Nikiwa peke yangu, nilikuwa sikumbuki tena kama nilibonyeza."

Kiguu alikuwa na mengi ya kusema na pa kwenda pia. Akavuta kigoda, akakaa karibu naye.