Mama Mkwe Wangu Amezidi Nusu

Usiku wa jana niliota Wilaya amekuja kwetu kunywa uji.

Alikuwa mama mnene, mwenye vumbi hadi kwenye nyusi. Tarafa zake zilimning'inia kiunoni, kata zilizishika tarafa, vijiji vilizishika kata, na vitongoji vilifuata nyuma vikilia njaa. Kitongoji chetu kilikuwa cha mwisho kabisa. Kilikuwa na mafua.

"Karibu, mama," mke wangu Kalekwa akamwambia, akampa kigoda.

Wilaya anakaa. Anatuhesabu kwa kijiko: mimi, Kalekwa, watoto wetu wawili, na mama mkwe wangu, Mama Nyamizi, aliyekuwa amejilaza kitandani.

"Mko watano," anasema. "Wastani wa kaya hapa ni watu wanne na nusu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nusu mtu amezidi."

Akamwita Kata. Akashuka bwana mmoja mpole, ameshika msumeno.

"Naitwa Kata," akasema kwa adabu. "Nianze na nani?"

Mara tuko ofisini kwa mtendaji, ila jiko letu limekuja nasi na uji unaendelea kuchemka. Kitanda nacho kimekuja. Watoto wamejificha nyuma ya bendera. Nafikiri yule mdogo ndiye atakayechaguliwa, maana ndiye rahisi kukata.

Mama Nyamizi akajiinua kwenye mto. "Nikateni mimi. Nimekula chumvi ya kutosha. Ila nusu yenye mdomo ibaki hapa."

Kata akanipa futi kamba nimpime mama mkwe kiuno.

"Siwezi," nikamwambia. "Huyu ni mkwe wangu. Hata kitandani pake sikai."

"Mkwe hayumo kwenye takwimu, ndugu. Humo mna watu tu."

Kalekwa hakubishana naye. Alifungua dirisha la ofisi. Nje palikuwa na zizi letu la mbuzi, na nyuma ya zizi alilala Mpaka, mwanamume mwembamba, mrefu kama kamba, anayetutenganisha na kata ya Isolwa.

"Kaka Mpaka, husikii baridi hapo?"

"Nasikia, dada. Tangu siku niliyochorwa."

"Pita ndani ujinyooshe."

Mpaka anapita dirishani. Anatafuta mahali, anajilaza kukatisha kitanda, juu ya kiuno cha mama mkwe wangu. Kichwa cha mama kiko kwetu. Miguu yake iko Isolwa.

Wilaya anahesabu upya. Wanne na nusu. Kata anaufunga msumeno kwenye kitambaa, uso umemshuka.

"Na Isolwa je?" nikauliza.

"Walikuwa wamepungukiwa nusu," Wilaya akajibu, akilamba kijiko. "Wamepata ile isiyokula."

Nikaamka. Jua lilikuwa limeshatoka. Kwetu mvua haijanyesha tangu tuvune. Uani ni vumbi tupu. Nikasimama mlangoni pa mama mkwe kumwamkia, kama kila siku.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Niitie Kalekwa aje na maji na kitambaa."

Miguu yake ilikuwa imechomoza nje ya blanketi. Ilikuwa na matope mabichi hadi juu ya vifundo, na jani moja la nyasi mbichi kati ya vidole.

"Isolwa imenyesha vizuri," akasema. "Sisi bado."