Taa Ndogo ya Maliseni

Jafali, muuza taa wa soko la Mponela, alikuwa na blanketi jeusi na gazeti kuukuu, na biashara yake yote ilikuwa hapo. Unaingiza kichwa chini ya blanketi, anawasha taa, unajaribu kusoma. Maliseni alijaribu ile kubwa yenye paneli ya sola, akasoma hadi matangazo ya maandishi madogo. Akajaribu ile ndogo ya balbu moja, akaambulia vichwa vya habari tu.

"Ya nani, mzee wangu?" Jafali akauliza.

"Ya binti yangu. Mwakani ana mtihani wa kidato cha nne."

"Basi hiyo ndogo iweke chini! Hiyo ni ya kutafutia viatu. Ukimpa msomi, unamtoa macho."

Hela ya kubwa ilikuwepo, imekunjwa ndani ya soksi, maana tumbaku ilikuwa imelipa vizuri. Lakini Maliseni alikuwa na hesabu zake nyingine. Kijijini kwao, mtu akifa, taa yenye mwanga kuliko zote huchukuliwa ikawekwa kichwani pa maiti, na wanawake hukesha nayo mpaka maziko. Haiombwi, inafuatwa. Taa ya jirani yake Enifa ilikuwa ikilala misibani zaidi kuliko ilivyolala kwake. Maliseni alikuwa mgane mwenye mtoto mmoja tu, na alikuwa ameapa kwamba mwanga wa mtoto huyo hautakwenda kumulika wafu wa watu. Akanunua ndogo, akarudi nyumbani anajiona mjanja, maskini ya Mungu.

"Hela haikutosha, mwanangu," akamwambia Tiyamike.

Tiyamike alipiga magoti, akaipokea kwa mikono miwili. Jioni aliilaza taa juu ya kitabu, akawa anaisogeza mstari baada ya mstari, macho yakimtoka machozi na kichwa kikimgonga. Bibi yake, mama yake Maliseni, aliyekuwa amelala pembeni na kifua chake kibovu, alimtazama weee.

"We mtoto, unasoma au unanusa?"

Walicheka wote watatu. Maliseni naye alicheka, na moyoni akajiambia atazoea.

Mvua zilipoanza, na malaria nayo ikaja, watu wakafa mfululizo. Hapo ndipo Tiyamike alipoanza kwenda misibani. Hakuna msiba uliompita. Alitangulia mapema, begi mgongoni, akakaa karibu kabisa na kichwa cha maiti, palipokuwa na taa ya Enifa, akafungua kitabu cha baiolojia. Mwanzoni wanawake walimsifu, mtoto ana huruma huyu. Kisha wakaanza kutazamana. Msichana hakulia. Alisoma tu, midomo ikimchezacheza, na alfajiri aliondoka amechangamka.

Siku moja kisimani alimuuliza Enifa habari za mzee mmoja mgonjwa wa ng'ambo ya mto. "Bado?" akasema.

"Bado nini?" Enifa akamkazia macho.

Tiyamike akajitwisha ndoo yake, akaondoka. Neno lile likatembea kijiji kizima, na lilipomfikia Maliseni lilikuwa limeshakuwa uchawi.

Wiki moja kabla ya mtihani, vijana walirusha mawe kwenye mlango wao. Kesho yake mkutano ukaitishwa uwanjani kwa chifu. Aliyesimama wa kwanza ni Biziweki, mkuu wa wachimba makaburi.

"Huyu anakula vifo," akasema. "Aondoke leo leo. La sivyo, sisi hatujui kitakachompata."

"Nimemwona kwa macho yangu anamnong'oneza marehemu!" Enifa akadakia.

"Nilikuwa nasoma, mama," Tiyamike akasema. "Pale kuna mwanga."

"Kwenu si kuna taa?"

"Haionyeshi, mama."

"Baba yako na tumbaku yote ile? Mdanganye mwingine, binti!"

Watu wote wakamgeukia Maliseni. Alimfikiria mama yake aliyemwacha ndani akikohoa. Mtu aliyewanyima wafu taa, ni nani atakayemzikia? Kijana mmoja akamnyang'anya Tiyamike begi, akamwaga vitabu vumbini, mwingine akamshika shingo. Ndipo Maliseni akapiga moyo konde.

"Mwacheni! Hela nilikuwa nayo. Niliiacha taa kubwa makusudi, msije mkaipeleka kwenye misiba yenu. Mtoto hana uchawi. Choyo ni changu mimi."

Biziweki akamtazama kama anayetazama kitu alichokikanyaga.

"Msichana aende nyumbani," akasema. "Lakini wewe, Maliseni, ukifiwa, majembe yetu usiyatafute."

Njiani Tiyamike aliokota maneno taratibu.

"Uliniambia hela haikutosha, Baba."

Maliseni alitamani ardhi ipasuke. Asubuhi alikwenda Mponela akanunua ile kubwa. Tiyamike aliisomea kila jioni, wala hakusema asante.

Jumamosi mama yake Maliseni akafariki. Maliseni alipita mlango kwa mlango. Enifa alimwona anakuja, akaingia ndani. Biziweki alimsikiliza mpaka mwisho, akaendelea kunoa panga lake. Jumapili nzima Maliseni alichimba kaburi peke yake kando ya barabara ya shule, na ardhi ya kiangazi ilikuwa ngumu mno, akaishia kiunoni.

Jumatatu, siku ya mtihani, jua lilipochomoza alikuwa bado shimoni. Nyumbani mwili ulikuwa umeanza kutoa harufu, inasikika hadi uani. Tiyamike alikuja amevaa sare, kalamu na rula mkononi, akasimama ukingoni. Aliitazama mikono ya baba yake, imechubuka, inavuja damu.

"Nenda, mwanangu. Utachelewa. Nitamaliza mwenyewe."

"Ukimshusha Bibi peke yako, huko chini nani atampokea?"

Wanafunzi wenzake Tiyamike walikuwa wakipita barabarani wakielekea shuleni, wakinyamaza kila walipolifikia kaburi. Tiyamike aliweka kalamu na rula juu ya nyasi, akavua viatu, akateremka.

"Nipe jembe, Baba."