Mama Pacha na Rangi Nyekundu

Mama Pacha alikuwa fundi cherehani, na tangu mumewe amnunulie ile saa ya michezo alikuwa anajiandaa kufa.

Si kwamba saa ilimwambia hivyo. Hata saa ina adabu zake. Kazi yake ilikuwa kupima mapigo ya moyo na kuyagawa katika kanda tano, kila ukanda na rangi yake: kijivu kwa mtu aliyejikalia, bluu kwa matembezi, kijani kwa mbio za kupiga soga, chungwa kwa mbio za kutoa jasho, na nyekundu kwa anayekimbia kama anafukuzwa na mbwa. Mama Pacha hakuwa anafukuzwa na mbwa. Alikuwa akikimbia asubuhi na rafiki yake msusi, mwanamke mnene mcheshi anayekimbia huku akiusema mtaa mzima, na kabla hawajafika kona ya kwanza saa ilikuwa inatetemeka mkononi, nyekundu tupu.

"Mbona umesimama?" msusi aliuliza siku ya kwanza, hata kuhema hahemi.

"Kamba ya kiatu."

Siku ya pili ikawa kamba ya kiatu tena. Siku ya tatu msusi akamtazama miguuni na kusema, "Mwenzangu, nunua ndala tu, tujue moja."

Mama Pacha alicheka, lakini kicheko kiliishia mdomoni. Baadaye siku hiyo alipandisha jora la kitambaa cha suti kwenda chumba chake cha kushonea, ghorofa ya pili, ngazi ambazo amezipanda miaka nenda miaka rudi. Alipofika juu akajikuta anaichungulia saa kwa wizi, kama mtu anayechungulia matokeo ya mtihani. Nyekundu. Kwa ngazi za kila siku! Akaliweka jora mezani, akakaa.

Mama yake mzazi alianguka jikoni, mwiko mkononi, akiwa na umri huu huu aliokuwa nao Mama Pacha sasa. Moyo, walisema. Asubuhi ile alikuwa ameimba na kugombana na jirani, mzima wa afya kwa macho ya kila mtu. Hakuwa na saa ya kumwonya. Mama Pacha alikuwa nayo, na aliona anaonywa.

Kumwambia mumewe hakuthubutu. Baba Pacha alikuwa fundi wa malori, mikono kama koleo, lakini roho yake nyepesi. Kwenye msiba wa mkwewe ndiye aliyelia kuliko watoto wa marehemu, mpaka watu wakaanza kuulizana marehemu ni mama wa nani. Basi Mama Pacha akajikaza kisabuni na kuanza kuwapa mabinti zake pacha mafunzo ya uyatima bila kuwaambia ni mafunzo ya nini. Aliwafundisha kupika bila kuunguza sufuria. Aliwafundisha kukata mkono wa shati, na kumjibu kwa upole mteja anayeleta kitambaa leo akitaka suti kesho.

"Mama, tumekosa nini?" mmoja aliuliza, kitunguu kikimliza.

"Hamjakosa kitu. Kateni."

Machozi yake mwenyewe akakisingizia kitunguu hicho hicho.

Kilichomsukuma kwenda kupimwa ni kazi. Shule moja ilimletea oda ya sare, oda ambayo fundi yeyote angeipokea kwa mikono miwili, naye akaikataa kwa kuwa hakutaka kufa na kuacha watoto wa watu na sare nusu. Mlango ulipofungwa nyuma ya mwalimu aliyeileta, alijisikia kama amejizika kwa mikono yake mwenyewe. Akapiga moyo konde, akafunga cherehani, akaenda zahanati.

Daktari alikuwa mwanamke mwenye miwani na maneno machache. Alimsikiliza kifua, akambandika waya, akampandisha na kumshusha kwenye kistuli mpaka jasho likamtoka. Saa ikawaka nyekundu kama kawaida yake. Mama Pacha akafumba macho akingoja hukumu.

"Moyo wako mzima, mama," alisema daktari.

"Usinifiche, daktari. Nina watoto."

"Nikufiche nini? Mashine hii hapa. Moyo unapanda unapotakiwa kupanda na unashuka unapotakiwa kushuka."

"Na hii nyekundu?"

Daktari akaomba saa, akaingia kwenye mipangilio yake, akabonyeza huku na huku. Kisha akainua macho juu ya miwani.

"Nani alikupangia saa hii?"

"Mume wangu."

"Saa inapiga hesabu ya rangi zote kutokana na kikomo cha mapigo. Kwa makadirio tunachukua mia mbili na ishirini, tunatoa umri. Wewe una arobaini na sita, kwa hiyo kikomo chako kiwe kama mia moja sabini na nne. Hapa mtu ameandika mia moja thelathini, kwa kidole chake. Hicho ni cha bibi wa miaka tisini."

Mama Pacha alitoka zahanati akicheka peke yake. Mbele ya duka la vioo akaegemea ukuta, akalia kwa sauti, akafuta uso kwa mtandio, akacheka tena. Wapita njia walimpisha. Hakujali. Mzima! Angeshona sare za shule hiyo na za shule jirani! Kisha hasira zikamfikia, kwa kuchelewa kidogo, naye akaanza kukimbia kuelekea gereji.

Mumewe alikuwa chini ya lori, miguu tu ndiyo inaonekana.

"Toka huko."

"Nani mwenzangu?"

"Mkeo wa miaka tisini."

Baba Pacha akajivuta nje, oili mpaka kwenye nyusi. Alipoona mkewe anamwonyesha saa alielewa, na uso wake ukawa wa mtu aliyekamatwa.

"Sikiliza, Mama Pacha. Injini ikifunguliwa ikafungwa upya, haikimbizwi. Unaifungia gavana, kile kizuia mwendo, chini; dereva akikanyaga lori linagoma. Halafu unaipandishia pole pole. Na wewe ulikuwa hujakimbia tangu tuoane, nikataka saa ikusimamishe mapema."

"Ukashindwa kuniambia?"

"Dereva haambiwi," alisema, kwa sauti ya mtu anayetaja sheria ya kazi. "Akijua, kesho yuko hapa anabembeleza afunguliwe."

"Mimi si dereva wako! Nimewafundisha wanao kupika ili wasilale njaa nikishazikwa! Nimefukuza kazi ya watu! Nilijua nakufa kama mama!"

Baba Pacha akakaa juu ya tairi.

"Mama nilimbeba mimi," alisema polepole. "Kutoka jikoni mpaka kwenye gari. Ulipoanza kukimbia sikupata usingizi. Nikasema mwanawe sitambeba hivyo."

Mama Pacha alikuwa amekuja na maneno mengine mengi makali, ameyapanga njia nzima. Yote yakamyeyukia. Wote wawili walikuwa wamelala kitanda kimoja na hofu ile ile, kila mmoja akidhani ni yake peke yake. Akakaa kwenye tairi kando yake, akamweleza habari ya waya, kistuli na mashine.

"Mzima?" mumewe aliuliza.

"Mzima."

"Amekupima wewe, si saa?"

"Mimi mwenyewe, Baba Pacha."

Mama Pacha akafungua mipangilio ya saa na kumnyooshea mkono aliouvalia. Baba Pacha akafuta kidole kwenye ovaroli, akaandika moja, akaandika saba, kisha kidole kikabaki hewani.

"Andika nne," mkewe alimwambia. "Mimi siyo lori. Niache nikimbie."

Akaandika nne. Halafu akamuuliza tena kama daktari kweli alisema mzima, na Mama Pacha akamjibu tena bila kuchoka, maana hata yeye alikuwa bado anataka kulisikia neno hilo.