Pumzi Kati ya Masika na Kabugho

Mama alikuwa akituita kula akiwa amesimama mlangoni pa jiko, mwiko bado mkononi. Hakupaza sauti sana. Milima ya Mahango humrudishia mtu sauti yake hata kama hakuihitaji. "Masika," alianza, kisha akavuta pumzi. "Kabugho, Mbambu, Ithungu." Majina matatu ya mwisho yalitoka pamoja, kama punje za mahindi zinazodondokea ungoni. Mimi ndiye Ithungu, kitinda mimba, kwa hiyo kila jioni nilikuwa wa mwisho kuitwa, na katika kungoja niliizoea ile pumzi kama nilivyouzoea moshi wa jiko letu na harufu ya sombe, majani ya muhogo, ikichemka.

Kwetu Wakonzo mtoto hupewa jina kwa kufuata zamu yake ya kuzaliwa. Binti wa kwanza wa mama ni Masika, wa pili Biira, wa tatu Kabugho, wa nne Mbambu, wa tano Ithungu. Wavulana nao wana safu yao: Baluku, Bwambale, Masereka, na kuendelea. Basi kila mtu kijijini alijua kwamba kati ya Masika na Kabugho alikuwapo mtu. Hakuna aliyemtaja. Sisi tuliokuwa tukiitwa tulikimbilia bundu, ugali wetu wa muhogo, likiwa bado la moto, na tukishashiba tulisahau.

Nilikuja kuikumbuka ile pumzi mwaka 2014, nikiwa Bwera, mji ulio mpakani mwa Uganda na Kongo, mbele ya kompyuta.

Nilikuwa nimemaliza chuo, stashahada ya takwimu na kompyuta, nikapata kazi katika mradi mdogo uliokuwa na ofisi juu ya duka la vitenge. Tulikuwa wanawake watatu. Mkuu wetu, Madam Aber, alikuwa Mwacholi, binti wa mwanajeshi. Kiswahili alikijifunza kambini na alikizungumza kama mtu anayewapanga askari mstari. Emérance aliletwa na wazazi wake kutoka Butembo, ng'ambo ya Kongo, akiwa mdogo. Yeye alizitunza simu ambazo wadodosaji walizitumia kujaza majibu nyumba kwa nyumba. Mimi nilisafisha data: palipokosewa tarehe, palipoandikwa mama wa miaka mitano, nilipaona na kupauliza. Hatukuwa na lugha moja ya nyumbani, hivyo tulikutana katika Kiswahili, kila mtu na chake.

Kazi yetu ilikuwa kutengeneza modeli, yaani programu ya kuchukua majibu ya akina mama wachache wa kila kaunti ndogo na kukadiria ni wapi watoto wadogo wanafariki zaidi. Mwaka ule zilipatikana fedha za kujenga wodi moja tu ya uzazi, na waliokuwa wakiamua mahali pa kuijenga walikuwa wakiisubiri ramani yetu. Nyekundu ilimaanisha watoto wanakufa. Kijani, wanaishi.

Mahango ilitoka kijani.

Mahango ni kwetu. Dada yangu Mbambu alikuwa mjamzito huko juu. Mwanamke akizidiwa huko juu, wanaume humteremsha kwa machela katika utelezi, wakipokezana mabega, na si wote wanaofika. Nyuma ya nyumba zetu, chini ya migomba, kuna vituta vidogo vya udongo ambavyo watoto hufundishwa kutovikanyaga. Sikuweza kuilaumu kompyuta. Ilikuwa imeamini ilichoambiwa.

Nikafungua majibu ya Mahango, nyumba moja baada ya nyingine, mpaka nikamfikia Mama. Yudesi. Watoto uliozaa: wanne. Waliofariki: hakuna. Chini yake yalifuata majina: Masika, Kabugho, Mbambu, Ithungu.

Emérance aliinua kichwa.

"Weye, uko naona nyoka mu mashini?"

"Hapana."

"Basi uko nalia nini?"

"Silii."

"Machozi iko natoka yenyewe, kama bomba ya Bwera? Hata bomba ya Bwera haitoke maji." Akavuta kiti chake mpaka kikagusana na changu, akayasoma yale majina mara moja tu. "Biira iko wapi?"

Nikaweka kidole kwenye kioo, kati ya Masika na Kabugho.

"Kwetu Butembo tunasema Kavira," alisema, safari hii kwa sauti ya chini. "Masika, Kavira, Kavugho. Mama anaweza kuruka mutu. Jina hairuke."

Tukaanza kuzisoma nyumba za wengine. Baluku, Masereka: Bwambale hayupo. Masika, Biira, Mbambu: Kabugho hayupo. Kulikuwa na mama mmoja mwenye Ithungu peke yake, zamu nne kabla yake zote tupu. Emérance alipofika hapo alifunika jicho moja kwa kiganja, akaendelea kusoma kwa lingine.

"Mwambie afande," alisema mwishowe. Ndivyo alivyomwita Madam Aber akiwa hasikii.

"Mwambie wewe."

"Miye? Ni mama yangu ndiye ameandikwa pale?"

Enzi zile nilikuwa mtu wa kumtumia barua pepe mwenzangu tuliyekaa naye chumba kimoja. Nikamwandikia Madam Aber, nikafuta, nikaandika tena, nikatuma, nikainamisha kichwa. Nilimsikia akibofya. Hakugeuka.

"Ithungu. Mimi niko hapa, mita mbili. Ongea na mdomo."

Nikaongea. Nilianza vibaya, nikarudia, na kadiri nilivyoendelea ndivyo Emérance alivyokuwa akinitikisia kichwa nyuma ya mgongo wa mkubwa wetu, kama mtu anayemfundisha mtoto kutembea. Nilieleza kwamba tunaweza kuifundisha programu ile safu ya majina. Kwa kila mama itazame jina la mwisho limefika zamu gani, na ni zamu zipi kabla yake zilizo tupu. Tukaijaribu palepale. Mahango ikageuka nyekundu mbele ya macho yetu, kama kitambaa kinachonyonya damu.

Madam Aber alisimama, mikono nyuma.

"Nzuri," alisema. "Sasa mimi ni mtu wa wilaya, nakuuliza. Huyu mtoto anaweza kuwa ameolewa mbali, mama hakumtaja?"

"Anaweza."

"Ako kazini Kasese? Analelewa na shangazi?"

"Anaweza pia."

"Basi jina kukosa si kaburi. Hii ni kisio, na mimi sipeleki kisio. Panda juu, uulize."

"Niulize vipi, Madam?"

"Wewe ndiyo wa huko. Anza na ile nyumba unaogopa. Ingine zote zitakuwa nyepesi."

Niliteremka Kinyamaseke, chini ya mlima, kununua sukari na sabuni, kwani huendi kwa mama yako mikono mitupu, hasa ukienda na swali kama lile. Bodaboda ilinipandisha hadi barabara ilipochoka, kisha nikatembea katikati ya mibuni nikijisemesha maneno niliyoyaandaa.

Mama alikuwa uani akichambua kahawa kwenye ungo. Mbambu alikuwa amenyoosha miguu juu ya mkeka, tumbo limemjaa mapajani.

"Mwenye kompyuta amefika," alisema Mbambu. "Mama, fungia kuku kabla hajawahesabu."

"Mwache apumzike," alisema Mama. "Ithungu, umekonda. Huko Bwera wanakulisha vitenge?"

Nikacheka, nikakaa, nikaanza kuchambua kahawa pamoja naye. Maneno niliyoyaandaa yalikuwa na "kaya" na "kipindi cha miaka kumi" ndani yake, na nilipofungua kinywa hayakutaka kutoka. Yalitoka mengine.

"Mama, baada ya Masika alikuja nani?"

Mikono yake ilitulia ungoni. Mbambu naye alikunja miguu yake taratibu.

"Biira," alisema Mama.

Alilitamka kwa sauti ileile ya mlangoni pa jiko, kama vile lilikuwa tayari kinywani miaka yote, likingoja tu zamu yake. Kisha akaendelea kuchambua huku akisimulia. Alisema Biira alipenda kumshika sikio akinyonya, na kwamba alikuwa na kicheko cha mtu mzima. Alishikwa na homa wakati wa mvua. Wanaume wakawabeba wote wawili, mama na mtoto, mpaka mtoni, wakakuta mto umejaa.

"Tulikaa ukingoni tukingoja maji yapungue," alisema. "Yalipopungua, hatukuwa tena na haja ya kuvuka."

Mbambu alikuwa ameweka kiganja juu ya tumbo lake. Nami nilitazama kahawa.

"Yule dada aliyekuja na simu ulimwambia wanne," nilisema baadaye.

"Aliniuliza wangapi. Wangapi ni swali la mbuzi, mwanangu. Angeniuliza nani, ningemjibu." Akapepeta, maganda yakaruka. "Sasa utamwandika?"

"Nitaandika watano, mmoja alifariki."

"Nimekuuliza kama utamwandika yeye."

Nikamweleza kwamba majina ya watu hayatoki ofisini, kwamba kule yanakokwenda mambo haya hubaki namba tu, na kwamba ni kwa ajili ya kuwalinda. Alisikiliza mpaka mwisho. "Pelekeni namba yenu," alisema. "Lakini ujue alikuwa na jina."

Nyumba zilizofuata niliziuliza vivyo hivyo: baada ya fulani alikuja nani? Madam Aber alikosea, hazikuwa nyepesi. Wapo walionisimulia mpaka uji ukaungua. Mmoja alinipa kiti, akanipa chai, akakaa kimya nami, na nilipoaga akanishukuru. Mama mwingine, Vasta, alishika kiuno.

"Masereka? Kumbe mlishamzika? Yuko Katwe, ziwani, anakata chumvi, na akija hapa hasazi kitu sufuriani. Mwandike mzima, tena mnene."

Nilimwandika mzima. Wako wengine kama yeye, na nilirudi Bwera nikiwafurahia njia nzima. Tuliifundisha programu yote mawili: ni mara ngapi pengo huwa kaburi, na ni mara ngapi huwa Katwe. Rangi ya Mahango ilipungua kidogo kuliko siku ile ya kwanza. Ilibaki nyekundu.

Madam Aber alipitia mstari kwa mstari kabla ya kuituma. Akasimama mahali.

"Hapa kwa maoni umeandika Biira. Hii ni nini?"

"Ni dada yangu."

Chini, dukani, mtu alikuwa akipatana bei ya kitenge. Madam Aber aliusugua uso wake kwa mikono miwili.

"Faili ya wilaya, toa jina. Sheria ni sheria." Akageukia dirishani. "Hii yetu, wacha."

"Kumbe afande iko na roho," Emérance alininong'oneza. "Miye nilizania aliiacha kambini."

Mbambu hakuweza kuingoja wodi. Alijifungulia nyumbani, mvua ikiwa imetulia, na siku ile Mungu alituhurumia. Wodi ilifunguliwa baada ya miaka miwili kwenye mgongo wa mlima chini ya kwetu, jengo fupi lenye bati la buluu ambalo Mama huliita "la kwetu", kana kwamba alilipa mafundi yeye.

Sasa ninaandika haya Kasese, mwaka 2019. Kazi yangu ni kukadiria mvua na mito, na nimejifunza kuongea kwa mdomo. Ofisi ya Bwera ilifungwa. Juu ya duka la vitenge siku hizi wanasuka nywele. Emérance aliolewa, akarudi Butembo, na huniletea salamu kwa wafanyabiashara wanaovuka siku za soko. Madam Aber yuko kaskazini. Kila ninapofungua jedwali jipya la namba huwa nazikumbuka zile meza zetu tatu zilizobanana, na ninatamani mtu anisogezee kiti aniulize nimeona nyoka gani.

Juzi nilipanda nyumbani. Mama bado huita kula mlangoni pa jiko, ila sasa anawaita watoto wa Mbambu. Wa kwanza ni binti, Masika. Wa pili alizaliwa wodini, ni binti pia, na hakuna aliyehitaji kulifikiria jina lake.

"Masika," Mama aliita. Sauti yake ikasita palepale pa zamani, kwa mazoea, na kabla hajavuta pumzi yule mdogo alikuwa ameshafika mbio mguuni pake, akiulizia bundu.